Mzinga Uliombeba Baba Yako

Mjukuu wangu Neema,

Huku Ugalla tupo, ila nimechoka. Babu yako anakohoa, mahindi yamenyauka, na magoti yangu ndiyo hayo unayoyajua. Unaniuliza kwa nini bado nazunguka na mhudumu wa afya kuwahimiza kina mama wapeleke watoto kliniki.

Baba yako akiwa mdogo alishikwa na degedege wakati wa masika, babu yako yuko safarini. Nikambeba mtoto kuelekea zahanati. Njiani nikakutana na warina asali wakienda kutundika mizinga mipya ya magome. Hawakuuliza mengi. Walipasua mzinga mmoja, wakamlaza ndani kwenye kanga yangu, wakapokezana kuubeba hadi zahanati. Mizinga mingine waliiacha kwenye mvua.

Nesi akauliza, "Baba wa mtoto ni yupi?"

Walitazamana, wamelowa chapachapa. Mmoja akajibu, "Ni wetu sote, nesi. Mtibu."

Hata majina yao sikuyajua. Tangu hapo kijijini tukapangiana zamu za kusindikiza wagonjwa. Leo ni zamu yangu, kumsindikiza jirani kupeleka mapacha wake kliniki. Nimechoka kweli, mjukuu wangu. Lakini nikiulizwa wale watoto ni wa nani, jibu ninalo.

Bibi yako