Godoro la Magugumaji

Jumatatu, 3 Machi
Mto umefunikwa wote. Magugumaji ng'ambo mpaka ng'ambo, maua ya zambarau yamelala juu kama shuka lililoanikwa. Mtumbwi wangu umekwama humo. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anayakata na wanawake wenzake. Mabua wanasukia viti, mizizi inaingia kwenye tangi inatoa gesi — chai ya leo imechemka kwa magugu! Mke wangu mgongo unamuuma, halali usiku. Nimemwambia nitamsukia godoro. Mtumbwi nilichonga mwenyewe, godoro litanishinda?

Jumatano, 5 Machi
Nimesuka kutwa. Mkwe kapita, kaishika kamba yangu. Eti, Baba, mabua haya mabichi. Kunja bua usikie, kavu huchakacha, lako kimya. Ngoja yakae juani. Nikamwambia hilo jua lenyewe limenikuta hapa. Kacheka mpaka kashika kiuno.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu amelala! Kama mtoto mchanga. Kaamka ananiambia kaota anaelea, mto uko wazi, mkono wake unaburuzika majini. Chumba kizima kinanukia mto. Na mimi nimejiona kijana. Fundi ni mimi!

Jumanne, 11 Machi
Anakohoa. Vumbi tu hilo.

Alhamisi, 13 Machi
Kikohozi kimezidi. Nimeinua ukingo wa godoro. Chini kuvu, jeusi, limetambaa kote. Nikashusha haraka. Kaniona. Kasema, usiniondolee, baba watoto, nikishuka hapa nitaelea wapi tena? Nikatoka kuutazama mto. Pale walipokata pamefunguka kama dirisha. Wingu limo ndani, linapita polepole. Nimesimama mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumamosi, 15 Machi
Niko kwenye benchi nje ya banda la kusukia la mkwe na wenzake. Godoro nimelibeba mwenyewe kichwani, liko hapa miguuni. Mke nimemwahidi jingine, kavu, nikamwacha juu ya mkeka, ananingoja, mgongo umeanza tena.
Mkwe katoka. Kaliangalia godoro, kaniangalia mimi. Nikajua sasa nitachekwa! Wala. Kaniwekea tita la mabua mapajani. Eti, kunja, Baba.
Nimekunja. Linachakacha — kama mvua iliyo mbali, inakuja.
Kaniuliza nimeleta nini. Wenzake ndani wameacha kusuka, wanasikiliza. Nimesema nimepita kupumzika tu.
Nimetoa hiki kidaftari nijifanye nina kazi. Bado kasimama. Na mimi sijainuka.