Mbegu ya Kubadilisha

Kamina, mwanzo wa mvua

…na lile uliloniuliza kabla mtandao haujatukata, Yaya Léonie, nitakujibu. Usidhani nilizima simu. Nilibaki nimeishika sikioni nikiita alo, alo, kama mwenye wazimu, na moyoni, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba imekatika. Habari ya mbegu ya mama si ya kupigiana kelele kwenye simu. Jessé anasema treni ya kwenda upande wenu itapita siku hizi, na mkuu wa treni ni rafiki yake, kwa hiyo barua hii itakufikia mkononi hapo Kaniama.

Acha kwanza nikusalimie kama tulivyolelewa. Hujambo, dada yangu mkubwa, wewe uliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani? Mume wako, shemeki Ngoy, hajambo? Mguu wake umepona, au bado anajikokota na kukataa kwenda kwa daktari? Na watoto wako, wanakua? Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Bwana. Wazima wa mwili, nataka kusema.

Niruhusu nikuambie mawili matatu ya huyu mume wangu Jessé, maana nisipoyasema nitapasuka. Yaya, sikujua kwamba mtu anaweza kupendwa hivi! Akirudi kutoka njia ya reli hupiga mluzi kabla ya kufika langoni, ili nijue ni yeye. Ananukia mafuta na chuma, nami harufu hiyo naipenda kuliko manukato yote ya sokoni. Anataka tule sahani moja. Majirani wa kambi ya reli wanatucheka, naye anawacheka pia. Kila adhuhuri nampelekea chakula stesheni, nikimkuta ameinama na wenzake kwenye vyuma, nasimama pembeni namtazama tu, hata nasahau kurudi. Mama mkwe wangu, Mama Feza, ameliona hilo zamani. Siku moja nilipochelewa, ugali tayari umesongwa na mboga ikaungua, aliniambia mbele ya watu wote: weye bibi-arusi, bwana yako iko mutamu, lakini hatuwezi kumukula na bukari. Nilitamani ardhi inimeze, lakini yeye alicheka mpaka machozi, akanipa mwiko nikoroge upya. Huyo ndiye Mama Feza. Kumbuka kicheko chake, Yaya, unaposoma yanayofuata. Sitaki umchukie.

Njaa ilitukuta katikati ya furaha hiyo. Unaijua kama mimi: mvua iliyokatika mahindi yakiwa bado yanatoa ndevu, kisha wale viwavi waliokula hata kilichobaki. Malori ya unga kutoka Zambia yamekuwa kama wageni wa mbali, unasikia tu kwamba yako njiani. Sokoni wauzaji wamegonga matako ya makopo ya kupimia mpaka yakaingia ndani, na ukilalamika wanakuambia nenda ukalime. Mama Feza hakulalamika. Alianza kujiandaa mapema kuliko wote. Mabati ya nyumba yetu yalijaa mihogo iliyokatwakatwa, viazi vitamu, uyoga, na viwavi wale wa kuliwa. Alikuwa akisema njaa ni mgeni mbaya, heri umwone angali njiani kuliko umfungulie mlango. Sisi wawili tulipanda na kushuka ngazi kila wingu lilipopita, tukiokoa mihogo isilowe, tukicheka kama wasichana.

Na juu ya moto wa jikoni, pale moshi unapopita, nilining'iniza mahindi yako. Niliyasuka kwa maganda yake kama mama alivyotufundisha, mekundu na meupe kwenye gunzi moja. Nilimweleza Jessé kwa nini nayatunza. Kwamba mama yetu hakumruhusu mtu kutunza mbegu yake mwenyewe. Njaa ikikubana, alisema, utaila mbegu yako huku unalia, lakini ya ndugu yako mkono utaona haya. Ndiyo maana siku ya harusi yangu ulinipa zako nami nikakuachia zangu. Jessé alishangaa sana. Alisema kwao hawakuwa na desturi nzuri namna hiyo, na kwamba mwanamke aliyezaliwa na mama wa hivyo hawezi kuangusha nyumba. Nililia kwa furaha. Kila aliyeingia jikoni akauliza ni mahindi gani hayo yasiyopikwa wakati watu wanahangaika, nilimjibu kwa majivuno neno lile lile letu la nyumbani kwa mbegu ya kupeana: ni ya kubadilisha.

Hilo neno, Yaya. Nimekaa nalo siku nyingi, ninaliona chungu mdomoni.

Wakati huo watu walianza kutumiana kwenye simu habari za OGM. Unga ukija mweupe kupita kiasi, OGM. Mbegu za msaada zikiwa na rangi ya dawa, OGM. Wamama wa kanisa wakamwomba Papa Lumbala, yule mwalimu mstaafu, awaeleze ni kitu gani. Sikuwepo. Nilikuwa stesheni na chakula cha Jessé. Niliyoyajua nilisimuliwa baadaye na jirani yetu Élisa. Anasema mmoja aliuliza kama OGM ni chama kipya cha siasa, mwingine akajibu kama ni chama basi kigawe chumvi kama vingine, na kanisa likaangua kicheko. Papa Lumbala alieleza vizuri, naamini. Alisema wataalamu huingia ndani ya mbegu, wakatoa kitu na kuweka kingine. Alisema vumbi la maua yake huruka hadi shamba la jirani. Kuhusu ubaya wake kwa mwili, alikiri kwamba yeye hajui, na kwamba wanaojua nao wanabishana. Lakini wamama hawajui Kifaransa cha vitabuni, wakataka jina la kushika. Akawatafutia la Kiswahili. Akawaambia: tuseme, mahindi ya kubadilisha.

Papa Lumbala alipomaliza, wamama wakaongeza ya kwao mlangoni. Kwamba yanafunga tumbo la mwanamke. Kwamba bibi-arusi akiyavuta hata moshi wake tu, hazai.

Nami nilikuwa bibi-arusi ambaye, machoni pa watu, bado hajabeba mimba, nikipika kila siku chini ya mahindi ya kubadilisha.

Kesho yake nilirudi kutoka stesheni nikasikia kutoka langoni harufu ya mahindi ya kuchemsha. Yaya, nilifurahi! Nilidhani mtu wa baraka ametuletea mahindi mabichi kutoka bondeni. Niliingia nikikimbia. Sufuria kubwa, ile ya misiba, ilikuwa imepinduliwa chini, tupu, inadondosha maji. Juu ya moto palikuwa na kamba tu. Mama Feza alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso unang'aa kwa jasho, akanishika mikono yote miwili. Aliniambia mutoto yangu, nimekuokoa, akanieleza jina alilolitoa Papa Lumbala kanisani na hofu ile ya matumbo. Akaniambia hatanigombeza, maana alijua walinidanganya waliponipa, msichana wa shule lakini bado mudogo. Aliyapukuchua peke yake, akayachemsha kwanza ili yasiote popote yatakapoangukia na kuharibu mashamba ya watu, kisha akayamwaga chooni. Hata kuku hakuwapa. Alisema miye sitaki mayai ya kubadilisha mu nyumba yangu. Akanikumbatia, akaomba juu ya tumbo langu.

Nilielewa pale pale. Neno lote lilinifungukia kichwani, mwanzo na mwisho wake. Ningeweza kusema, hapana Mama, ni mbegu ya mama yangu marehemu, ilikuwa ya mwisho. Nilimtazama, nikaona alivyoungua vidole kwa maji ya moto kwa ajili yangu. Nikasema asante.

Jioni nilimwambia Jessé nikiwa nalia. Alishika kichwa. Kisha akanisihi nisimwambie mama yake. Alisema ana moyo mdogo, akijua ameua mbegu ya marehemu hatakula tena, atajilaza mpaka afe, na nyumba hii bila yeye haitafika mavuno. Alinifuta machozi kwa kiganja chake kile kigumu. Nampenda, Yaya, kwa hiyo nilikubali. Nilijiambia, nitatafuta nyingine sokoni inayofanana. Nilizunguka soko lote. Hakuna. Mekundu na meupe kwenye gunzi moja, wananitazama kama mtu anayewasimulia ndoto.

Siku chache baadaye ulinipigia, ukaniambia vidudu vimegeuza mbegu nilizokuachia kuwa unga huko kwako. Ukasema, usilie mdogo wangu, zangu si bado unazo? Nitumie, mvua imeanza. Ndipo simu ikakatika.

Sasa nisikilize, kwa maana bado sijamaliza, na hili linaniuma kuliko lile la kwanza. Nina mimba. Ndiyo, Yaya, mimi mdogo wako! Muuguzi alinihesabia, akaniambia ilikuwepo tangu kabla mahindi hayajaning'inizwa jikoni. Ningependa kukuandikia ukurasa mzima wa furaha hii, ningekuambia jinsi Jessé alivyopiga mluzi njia nzima tukirudi. Lakini Mama Feza aliposikia aliruka, akapiga vigelegele kambi nzima ikatoka nje. Akawaambia wote: munaona? Nilitupa ile mahindi, na Mungu akafungua tumbo. Ndiyo vile!

Wakamwamini. Mimi ndiye ushahidi wao. Élisa alikuwa amepeleka vitenge vyake vya sikukuu kijijini, akapewa mahindi, ndiyo akiba yake yote mpaka mavuno. Alivibadilisha, unaelewa? Nayo aliyaita hivyo hivyo, mahindi ya kubadilisha, kama mtu yeyote anavyosema. Hana mtoto, naye ameolewa miaka mingi. Nilikuwa nimesimama kwenye ua wa miti nilipomwona anatoka na beseni la mahindi yake. Aliniona, akanitabasamu, akaniombea nizae salama. Kisha akaenda nayo chooni. Nilisikia yakimwagika, Yaya, mengi, yanachukua muda. Nilifungua mdomo. Mama Feza alikuwa nyuma yangu anaimba. Nikaufunga.

Baada yake wengine wamefuata. Sijui wangapi, sitaki kujua. Njaa tuliyoiona njiani sasa tunaisafishia mlango kwa mikono yetu, na tumbo langu ndilo fagio. Mimi hupewa kipande kikubwa cha samaki, kwa sababu ya mtoto. Nakila. Élisa jana alikuja kuomba maganda ya mihogo, akasema ni ya nguruwe. Élisa hana nguruwe.

Basi ndilo jibu la swali lako. Mbegu ya mama haipo. Kwako haipo na kwangu haipo, na hakuna dada wa tatu. Usiache shamba wazi ukiningoja. Omba miti ya mihogo kwa majirani, hiyo bado watu hawainyimi, panda hiyo. Watoto usiwaambie bado. Nataka nisimame mbele yako mwenyewe niliseme, na kabla ya kuondoka hapa nataka niwe nimelisema kwa Élisa. Jessé bado hajui kwamba nitafanya hivyo. Ni mara ya kwanza namficha kitu.

Msalimie sana shemeki, mwambie aende kwa daktari. Uwabusu watoto, na yule mdogo anayeitwa jina la mama, umbusu mara mbili bila kumwambia sababu. Mama Feza anakusalimia kwa upendo. Amenituma nikuandikie kwamba anakushukuru kwa kumlea vizuri bibi-arusi wa mtoto wake. Nimeiandika kama alivyosema.

Nitakuja, Yaya. Treni ikiwepo au isiwepo, kwa pikipiki au nyuma ya baiskeli ya mtu, mikono mitupu, mwezi huu hautaisha sijafika mlangoni kwako.

Mdogo wako,
Rachelle