Wageni Watatu wa Nyumba Yangu

Jumanne

Hata chakula kimenishinda. Kile kiwanda kipya cha mbao nyuma ya nyumba yetu kiliahidi kuajiri watu wa mtaa kwanza. Leo wamebandika orodha. Nimekuta majina matatu nisiyoyajua, na mbele ya kila moja wameandika adresi yangu, mpaka namba ya mlango.

Nikamuuliza karani. Hakuinua hata macho. "Mama, ile ni ndugu za mukubwa wa kiwanda. Walikosa tu adresi ya hapa."

Mdogo wangu Bosco, fundi wa kuchomelea vyuma, amezaliwa humu humu. Hayumo.

Jioni akaniuliza mimi dada yake mkubwa, "Yaya, orodha imetoka?"

Nikamjibu, "Bado."

Sasa na mimi nimedanganya kwa ajili yao. Ninajichukia.