Bawasiri Yangu Imesomwa Darasani

“Lakini sikuandika jina lako!” Hinda, hivyo ndivyo Wawira amenijibu hapo kwa geti, majirani wote wakisikia.

Si unajua anafundisha wasichana wa uuguzi maneno ya hospitali kwake, ndio waelewe wanachosoma? Leo amewaandikia hadithi ya mgonjwa wa bawasiri. Mgonjwa mwenyewe ati ni mama anayeuza chapati hapa kwetu Kiirua, kicheko chake kinasikika mpaka barabarani!

Nani mwingine huyo?? Na ni yeye peke yake nilimwambia. Peke yake!

“Wawira, umeniuza.”

“Si wameelewa wote? Hilo neno hawatasahau tena.”

Hawatasahau!!

Halafu ati niingie, mukimo inapoa mezani. Nikaingia nimenuna. Wasichana wakasimama wote. Mmoja akaweka mto kwa kiti, polepole.

“Karibu chakula, mama.”