Saa Yenye Tisa Mbili

Jumatatu, 2 Februari
Nimepima dhahabu ya watu watatu, nimefunga mzani, nimetoa saa zangu nizifute. Ndiyo starehe yangu, pombe sinywi. Mchimbaji akipata, anakimbilia Mwanza kununua saa ya Uswisi. Shimo likikauka, anaileta kwangu hapa Nyarugusu. Nzima siitaki. Nataka ile iliyotoka kiwandani na kosa, na hiyo nailipia zaidi. Moja ina namba nne mbili. Nyingine tarehe yake inaruka kumi na saba. Kiwanda kikubwa vile, na bado kiliteleza! Linanituliza jambo hilo, mimi mkosaji.

Lakini tangu Krismasi zenye makosa zinakuja kila wiki. Miaka yote nilipata tatu tu. Sipendi. Dhahabu ya uongo naijua kwa asidi. Kosa la uongo nitalijuaje?

Jumatano, 4 Februari
Anayeweza kufungua saa hapa ni mmoja, Masanja fundi, ndugu yangu wa kwaya. Kila ninayomwonyesha anasema, "Kosa la kiwandani hilo, kaka." Haraka mno.

Leo nimemtega. Nimemwambia yeye peke yake kwamba natamani saa ambayo sita imechapwa kichwa chini, ionekane ina tisa mbili. Hakuna saa hiyo, nimeitunga. Akacheka. "Wewe ukipelekwa mnadani, ng'ombe wote utawaacha, utarudi na mwenye pembe moja!" Sikucheka.

Alhamisi, 5 Februari
Maombi ya alfajiri, kwa sauti, mpaka machozi. Bwana, ikiletwa saa yenye tisa mbili, basi mwizi wangu ni Masanja. Nitaomba hivyo kila siku.

Jumamosi, 14 Februari
Imekuja.

Kaileta Shija, mpangaji wangu wa chumba cha pili, anayezungusha vitu vya wachimbaji. Kaifunga kwenye leso. Anasema kainunua kwa mtu wa Buzwagi, kule Kahama. Sita kichwa chini, kama nilivyoitunga. Nimeichukua, nimemlipa.

Miaka yote tumeimba besi bega kwa bega. Sikula.

Jumapili, 15 Februari
Baada ya ibada nimemwita Masanja mwizi, mbele ya kwaya nzima. Nikamwonyesha saa. Aliitazama, akanitazama mimi. "Yaya, hapana, kaka. Mimi?" Alivua joho, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi, akaondoka.

Nilijiona nimeshinda.

Jumanne, 17 Februari
Mama Kulwa kaninunia tangu juzi. Leo nikamweleza mtego wote, kwamba aliyejua ni Masanja peke yake. Akaacha kumimina chai.

"Peke yake? Baba Kulwa, ukiomba alfajiri unadhani anakusikia Mungu tu? Nyumba yenyewe haina dari! Sisi wote humu ndani tunaitikia amina."

Ninapopigia magoti ni ukutani kwa Shija.

Nimemfuata. Hakubisha hata kidogo. Ana mtu Mwanza anayechapa upya nyuso za saa. Zote za tangu Krismasi ni kazi yake. Masanja kadanganyika kama mimi. "Mzee, si uliomba? Umepewa. Sasa unalalamika nini?" Na anacheka!

Nimemwambia ahame. Hasira haikuisha. Haikuwa ya Shija.

Jumatano, 18 Februari
Mazoezi ya kwaya. Nimesimama, nimesema wazi: niliyemwita mwizi si mwizi, nilimsingizia. Wakaitikia "Amina" kwa unyonge. Mzee mmoja akauliza, "Na mwenyewe umemwambia?" Nikakaa.

Ijumaa, 20 Februari
Meza ya Masanja sokoni imefunikwa turubai. Mkewe kanijibu akiwa mlangoni, hakunikaribisha. Mumewe yuko kwao Kishapu, kwa mama yake. Kurudi, hajui. Simu yangu hapokei.

Zile saa sijazigusa wiki hii. Sina hamu.

Mvua imenyesha mchana, watu wamebaki majumbani. Nimekaa nimeandika ujumbe, nimefuta, nimeandika tena. Nimetuma huu:

"Ndugu yangu Masanja, habari za huko? Mama anaendeleaje, na wewe afya yako? Nimekukosea sana. Nilikuaibisha mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nimesema kosa ni langu. Sikulazimishi urudi kwaya. Nataka kujua tu kama bado unaniita kaka. Naomba unijibu upesi."