Chungu Changu Hakina Dhahabu

Jumatatu, 3 Juni

Asubuhi 13.8. Sindano, tumbo upande wa kushoto. Uji usio na sukari, ladha ya maji ya kuoshea mawe. Nimemaliza wote kwa sababu Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

Daftari hili Sista wa zahanati alinipa niandike namba za sukari tu. Namba peke yake zinachosha. Mimi nimefika kidato cha pili, na mwalimu wa Kiswahili aliwahi kusema nina mkono. Hakusema mkono wa nini. Nitaandika nitakavyo.

Leo nimeaibika. Kutoka duara letu, shimo la dhahabu, mpaka karasha, mashine ya kusaga mawe, ni kilima, na kilima kina sheria. Katikati kuna jiwe bapa. Ukilikalia ukiwa na mzigo, mzigo si wako tena, ni wa anayepita. Mwaka jana nilikuwa napandisha viroba kumi vya mawe bila kulitazama. Waliniita Trekta. Leo nimelikalia kiroba cha pili. Miguu ilikataa tu. Rafiki yangu Ryoba kapita, kachukua kiroba changu, kaondoka nacho anapiga mluzi.

Mwita, mkuu wa kikosi, mtu mwenye shingo ya fahali, kaniambia mbele ya watu: "Mura, kijana mzima umekuwa kivuli. Kaa na akina mama mponde mawe." Akina mama wakanisogezea nyundo. Mmoja kanipa na khanga nikalie.

Nimemwomba Mwita anipe mpaka Jumamosi tarehe 22. Viroba kumi, bila kukaa. Nikishindwa, nyundo ni yangu moja kwa moja. Kakubali. Kacheka pia.

Hajui nina kisukari. Wanajua Bibi na Sista tu. Kikosini nilisema taifodi. Mgonjwa wa taifodi anapona. Wa kisukari hapewi duara, wala binti wa mtu.

Jumanne, 4 Juni

Mazoezi yameanza. Nilipiga hesabu zangu: nikikimbia sana nitaichoma sukari, kwa hiyo sindano ya nini. Nikairuka.

Nikakimbia mpaka njia ya kwenda Genkuru na kurudi, kama mwizi wa ng'ombe aliyesikia yowe. Nikapima nikitegemea 6.

19.4.

Nikapima tena. 19.9. Nimeharibu vijiti viwili vya kupimia kwa kutoamini. Halafu nikatapika kwenye mchicha wa Bibi. Nimelala mpaka mchana kama gogo. Nimeshtuka sana. Sielewi mtu anakimbiaje hivyo halafu sukari inakuwa mbele yake.

Alhamisi, 6 Juni

Zahanati. Sista kasoma daftari lote, hata nisichotaka asome.

"Nani alikwambia uache sindano?"

"Kichwa changu."

"Kichwa hicho kipumzishe."

Kisha kanieleza. Sukari kwenye damu bila sindano ni viroba vya mawe uani na karasha limezimwa. Utashinda njaa umekalia dhahabu. Na nyama za mwili zikilia njaa, mwili unazidi kumwaga sukari nyingine. Hapo nilielewa. Angenifundisha yeye shuleni ningefika mbali.

Akasema pia: "Ukiwa juu unachoka, ukiwa chini unachoka. Pima kwanza, ujue umechoka kwa upande gani." Nianze kutembea. Baadaye mzigo mdogo. Nile kabla. Pipi mfukoni kila siku. Siku moja kazi, siku moja mapumziko.

Kutembea. Mimi Trekta. Nimekasirika njia nzima, lakini nimerudi kwa miguu.

Jumamosi, 8 Juni

Kabla 9.1. Kiazi kitamu kimoja. Nusu kiroba, safari nne, sikukaa. Baada ya hapo 5.2. Trekta limewaka.

Jambo jingine. Dawa yangu naihifadhi kwenye chungu, kona ya kibanda changu. Chungu kikubwa, ndani mchanga mbichi, ndani yake kijichungu chenye chupa mbili, juu kitambaa cha maji. Hatuna friji. Kila asubuhi namwagia maji. Leo akina mama wa kuponda mawe wamepita wakaniona mlangoni. "Unamwagilia nini humo ndani, mura? Umepanda mahindi?"

Nikasema, "Mali."

Wakatazamana. Wiki nzima wananicheka, leo hakuna aliyecheka. Nikaongeza: "Mali haikai juani." Tamu sana.

Jumapili, 9 Juni

Sijui niandikeje hii.

Tulichelewa kanisani. Nilichoma sindano yote, nikanywa uji nusu kikombe. Mahubiri marefu. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanishuka mgongoni. Pipi ziliachwa kwenye suruali ya kazi. Baada ya hapo nasimuliwa tu.

Naambiwa nilimwambia mzee wa kanisa akae chini, anaziba televisheni. Hakuna televisheni. Naambiwa nilianguka, wakanizunguka, mikono kumi kichwani, "Toka, toka." Bibi kapita katikati yao kwa viwiko. "Huyu hana pepo, ana njaa. Nipisheni." Kachukua soda ya mchungaji, kanimiminia mdomoni. Nimezinduka nina soda puani na kanisa zima juu yangu.

Kilichonishtua si kuanguka. Ni kwamba nilikuwa najisikia nina nguvu. Jana nilikuwa simba.

Bibi kaniambia njiani: "Mimi nimedanganya kanisani kwa ajili yako. Waambie watu wako unaumwa nini."

Nimesema nitawaambia. Sitawaambia.

Jumatano, 12 Juni

Sista anasema kazi ya Jumamosi ndiyo iliniangusha Jumapili. Misuli inaendelea kula hata siku ya pili. Ukibeba leo, kesho ongeza chakula, pima zaidi. Mbona hakuna anayewaambia watu hivi. Nimebeba mawe tangu nina miaka kumi na tano.

Leo 8.4, kiazi, kiroba kizima mara tatu. Mwisho 6.0. Pumzi ipo. Sikulitazama lile jiwe. Nimelitazama kidogo.

Ijumaa, 14 Juni

Mambo mawili.

Kwanza viroba sita. Sita. Baada ya cha nne nilisimama wima, nikatafuna pipi, nikaendelea. Kusimama si kukaa. Usingizi wa mchana umeisha. Naamka kabla ya jogoo wa jirani, naye nimemcheka.

Pili, nimekuwa tajiri. Habari ya chungu imefika duarani. Wananiita tajiri, wananipisha kwenye benchi la chai. Nimenunua kufuli ya mlango, na kufuli ndiyo imewamaliza kabisa. Ryoba kaniuliza, "Gramu ngapi?" Nikamjibu, "Mwenye gramu hahesabu."

Mwita peke yake hakucheka. Kaniuliza polepole, "Umeitoa duara gani?"

"Duara la Mungu."

Kanitazama mpaka chai yangu ikapoa.

Jumapili, 16 Juni

Tumerudi kanisani. Kufuli iko chini. Chungu hakipo.

Kimebaki kiduara cha ubichi kwenye udongo. Nimekaa nakitazama hicho kiduara. Chupa zote mbili zilikuwa humo, ile ninayotumia na ile mpya.

Sindano ya jioni sina. Sijamwambia Bibi. Nikimwambia atapiga kelele, na akipiga kelele watu watajua hakuna dhahabu, ni dawa, na mimi ni mgonjwa. Zimebaki siku sita. Nitamtafuta mwizi mwenyewe kimyakimya.

Kliniki ya sukari mjini ni kesho kutwa. Nitavumilia.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi 21. Nimemwambia Bibi sina njaa. Kweli sina.

Nimezunguka maduara yote nikitazama watu usoni. Kila uso ni wa mwizi. Ryoba kanisalimia, nikamtukana. Hakuelewa.

Mchana nikajidanganya tena kwamba kazi itaishusha. Nilijua si kweli. Sista alishaniambia, na nilielewa. Viroba viwili. Cha pili nimekipandisha huku natapika. Sikukaa.

Jioni mashine ya kupimia sukari haisomi namba, imeandika neno la Kiingereza tu. Nimekunywa maji ndoo nzima. Mdomo unanuka kama ndizi zilizooza. Naogopa. Naandika hivi kwa sababu hakuna wa kumwambia, na wa kumwambia yuko hatua kumi, ananiwekea chai.

Ijumaa, 21 Juni

Niko wodini, mjini. Kitanda cha dirishani. Dripu imetolewa leo. Mkono una matundu kama chujio.

Jumanne siikumbuki vizuri. Ryoba ndiye kanisimulia, amekaa hapa pembeni anakula chungwa aliloniletea mimi.

Bibi alinikuta sakafuni, napumua kama mvukuto. Akaona kona haina chungu. Hakuniuliza kitu. Kamwita Ryoba akae nami, kisha katoka mpaka mwaloni, pale wote wanapooshea mawe. Ryoba anasema sauti yake ilifika mpaka kule alikokuwa amenishika. Alisema:

"Mjukuu wangu hana dhahabu. Ana kisukari. Kile chungu kina dawa, na sasa anakufa. Mimi ni mzee, nimezika watu, midomo yangu inajua kulaani. Sijalaani bado. Nasubiri."

Karasha likazimwa. Ryoba anaapa limezimwa.

Aliyejitokeza ni Mwita.

Nilimwambia Ryoba arudie. Karudia. Mwita, mkuu wa kikosi. Alidhani nimechota kwenye duara lake na kuficha. Alichukua chungu Jumapili wakati tunaimba. Mchanga wangu wote kauosha kwenye karai, kautilia zebaki, kakaa anasubiri dhahabu ishikane. Chupa moja kaifungua, kamwaga dawa, akatafuta chini yake. Ya pili kaiacha juu ya bati, juani.

Kwa hiyo aliporudisha, ile moja iliyobaki ilikuwa ya moto kama yai la kuchemsha. Bibi kaishika, kaitupa. Kasema tu, "Imekufa. Mbebe."

Bodaboda hazishuki mpaka kwetu, mitaro imekata njia. Zinaishia karasha. Mwita kanibeba mgongoni, kilima chote. Hapo nakumbuka kidogo. Nakumbuka shingo yake, chumvi na vumbi. Nakumbuka lile jiwe bapa linapita pembeni yangu. Nilitaka kumwambia, usikae. Hakukaa.

Daktari kasema ningechelewa mpaka jioni wangenirudisha kwa njia nyingine. Kasema hivyo huku anaandika, hakuinua kichwa.

Nimelia. Ryoba kageuka dirishani akatazama gari lisilokuwepo.

Halafu nilimuuliza, "Nilikutukana Jumatatu?"

"Uliniita fisi."

"Nilikosea."

"Umekosea mengi, mura. Hilo ndilo dogo."

Jumamosi, 22 Juni

Leo ndiyo ilikuwa siku ya viroba kumi.

10.2. Nimetembea mpaka choo cha wodi na kurudi. Nimekaa mara mbili.

Jumanne, 25 Juni

Nyumbani. Watu wote wanajua. Nilidhani nitakufa kwa aibu, sijafa. Akina mama wa kuponda mawe wameleta viazi. Yule wa khanga kaniuliza kama ni kweli nachoma sindano tumboni mwenyewe, kila siku. Nikamwonyesha. Kafunika macho. Kasema mume wake hulia akichomwa mwiba.

Nimejisifu kidogo. Kidogo tu.

Mlangoni nimekuta chungu kipya, mchanga umeshatiwa, mbichi. Bibi anasema si yeye.

Hasira yangu haimtoshi Mwita, na bado haijaisha. Mimi ndiye niliyesema mali. Yeye ndiye aliyevunja kufuli. Nimejaribu kugawa kosa, haligawanyiki sawa.

Jumapili, 30 Juni

Asubuhi 7.3. Sindano kulia. Uji. Kiazi.

Baada ya kanisa nimetembea mpaka karasha na kurudi, mikono mitupu, kama alivyosema Sista. Wakati wa kurudi nilichoka. Nikapima. 5.9. Kumbe ni uchovu wa miguu tu, wa kawaida, kama wa watu. Nikalikalia lile jiwe bila wasiwasi, sina mzigo.

Mwita alikuwa anapandisha. Siku ya Jumapili, peke yake, kiroba kimejaa. Alipofika kwangu alisimama.

"Ngapi?"

"5.9."

"Ni nzuri hiyo?"

"Nzuri."

Akateremsha kiroba. Akakaa kwenye jiwe, karibu yangu, kiroba kati ya miguu yake. Miaka yote sijawahi kumwona amekaa pale. Alisema amechoka. Hakuwa na jasho hata tone.

Tumekaa.

Kwa sheria ya kilima kile kiroba ni changu. Alikuwa anajua.

Nikainuka, nikapangusa suruali, nikashuka zangu nyumbani. Sikukigusa. Bado ni kizito.