Tramu ya Mume Wangu Inaendeshwa na Mama Mkwe

Mpendwa Bi Dawlat, naomba unisaidie, na uniwie radhi kwa mwandiko, maana mkono mwingine una mtoto wa miezi mitano.

Mume wangu Hazim anatengeneza simu hapa mtaani Bakus, mwema kabisa, namshukuru Mungu kila siku, na kwa miaka mitatu akitoka dukani amekuwa akitunga mchezo wa simu kuhusu marehemu baba yake, aliyekuwa dereva wa tramu, na hadithi yake ni nzuri mpaka nililia huku nachambua mboga ya mlukhia, kwa sababu kila abiria anapanda na jambo lake, yupo mwalimu anayepanda na maua kila siku na kushuka nayo vilevile, ikawa chakula hakinipiti mpaka nijue ni ya nani. Lakini kuucheza wenyewe ni adhabu. Unabonyeza tramu iende, unabonyeza isimame, unabonyeza milango ifunguke, vituo arobaini, kisha unarudi. Siku ya tatu nilisinzia kidole kikiwa kwenye kengele, ikalia mpaka mama mkwe, Hajja Inshirah, akatoka jikoni.

"Lete hapa, utamwangusha mtoto," akasema. "Mwenye tramu nilimngoja miaka thelathini na chakula mezani, vituo arobaini ndiyo vitanishinda?"

Tangu hapo yeye anaendesha, mimi nanyonyesha na kusinzia, na abiria akianza kusema ananigusa goti: "Amka binti, wa maua kapanda, nisomee," maana maandishi madogo hayaoni. Tumeumaliza hivyo, mchana baada ya mchana, na sijawahi kumpenda mama huyu kama siku hizo. Hazim nikamwambia nimeumaliza. Akanibusu kichwani, akasema, "Kama wewe na uchovu huu umeumaliza, nani atashindwa?" Alhamisi anaupeleka kwenye shindano Kairo, na ukishapokelewa haubadilishwi. Nikisema kweli namvunja moyo. Je, hadithi nzuri haitoshi?

Radwa, Bakus


Radwa binti yangu,

Haitoshi. Hadithi ilikuamsha, na kumwamsha mama anayenyonyesha si kazi ndogo, mwambie hilo kwanza. Hata mimi nimekukasirikia, umemaliza barua bila kusema maua ni ya nani. Lakini kati ya kituo na kituo ulibebwa, na waamuzi wa Kairo hawana Hajja Inshirah wa kuwagusa goti.

Ulimficha mume kwa mapenzi, ila umemficha. Usingoje Jumatano. Leo akishakula, mpakatishe mtoto mkono mmoja, mpe simu mkono wa pili, aendeshe vituo vyote arobaini, nawe unyamaze. Akianza kutazama saa, mweleze yote, na kengele pia. Atanuna kidogo. Mpe chai.

Kisha amuulize mama yake baba alifanya nini kwa mikono yake njia nzima. Hakuwa akibonyeza tu. Alimsubiri nani aliyekuja mbio, alimwacha nani? Hayo ndiyo amwachie mchezaji aamue, na vituo visivyo na mtu wa kusema neno avitoe. Asipowahi Alhamisi, yapo mashindano mengine.

Ila ule mchezo mrefu asiufute. Auweke kwenye simu ya mama yake ulivyo, vituo vyote arobaini, kwenda na kurudi. Kwake yeye hakuna kituo cha kupunguza.

Bi Dawlat